Bomba Lililozidi

Kila siku akitoka shule, Karani alikuwa na kazi tatu kabla hajagusa daftari wala mpira. Kwanza aliingia chumbani kwa Bibi, akasuuza kitambaa kwenye beseni na kumwekea upya kifuani. Kisha alimsogezea mto mgongoni ili akae wima, maana Bibi akilala chali pumzi ilimkata. Halafu alikwenda sebuleni, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani ya baba yake, na kumsomea karatasi zote zilizoingia siku hiyo: bili ya umeme, barua ya shule, maelezo ya dawa.

Karani halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa darasa la sita na nyumba nzima ilitegemea macho yake. Baba yake, fundi cherehani, aliacha shule darasa la tatu. Angeweza kumkadiria mtu suti kwa kumtazama tu anavyopita barabarani, lakini maandishi madogo yalimtoroka kama sisimizi.

"Macho yangu ni wewe," alizoea kumwambia. "Ukisema imeandikwa, basi imeandikwa."

Aliyempa jina hilo ni Mjomba, kaka wa marehemu mama yake. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jengo lao la ghorofa tatu, na kila kukiwa na tangazo la kubandika kwenye ubao chini ya ngazi, iwe maji yatakatika au zamu ya kufagia imebadilika, alimwita mpwa wake. "Karani wangu, njoo uniandikie. Mwandiko wangu mimi ni wa kuku aliyetoka matopeni." Kisha alicheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile cha marehemu mama, kinachoanzia puani. Kwa kukisikia kicheko hicho, Karani angeandika matangazo mpaka mkono ukatike.

Walikaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati. Miezi ya joto chumba cha Bibi kilikuwa tanuri. Miezi ya baridi ukuta ulitoa maji na blanketi tatu hazikutosha. Mapafu ya Bibi yalikwisha kuchoka na mabadiliko hayo. Daktari hakuzungusha maneno. "Huyu mama anahitaji chumba chenye hewa ya namna moja," alisema. "Joto kali hapana, baridi kali hapana. Kama hamuwezi, mhamisheni."

Shangazi, dada yake Baba, aliishi mbali, mwendo wa siku mbili. Alipopata habari alipiga simu. "Nakuja mwisho wa mwezi. Nikikuta chumba ni kilekile cha mwaka jana, namchukua mama yangu. Sitaki majadiliano."

Tangu mama yake afariki, Karani alilala chumba kimoja na Bibi, mgongo kwa mgongo. Aliposikia neno "namchukua" alihisi kama mtu anamwondolea ukuta anaouegemea.

Basi Baba akaamua kununua kiyoyozi. Alitaka cha aina ile isiyo na mabomba makubwa ya kupita juu ya dari: kifaa kimoja kinaning'inizwa ukutani ndani, kingine kinawekwa nje, na bomba jembamba la shaba linaviunganisha kupitia tundu la ukutani. Tena alitaka cha kujifungia mwenyewe, kwa sababu bei ya fundi wa kufunga, alisema, haikuwa saizi yake.

Walikwenda dukani wawili. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye subira. Aliuliza urefu wa chumba, upana, madirisha mangapi, paa la nini. Baba alivitaja vipimo vyote bila kufungua futi iliyoning'inia shingoni mwake.

"Kidogo kingewatosha," dada alisema huku akifuata jedwali kwa kidole, "lakini kwa sababu ya bati, chukueni cha kati. Kinapoza siku za joto na kinapasha siku za baridi. Sasa niambieni, kutoka kifaa cha ndani mpaka cha nje ni mita ngapi?"

"Tatu na kiganja."

"Basi ni hiki chenye bomba la mita nne. Kimebaki kimoja, nitawawekea mpaka Jumatatu. Chukueni kijitabu mkakisome chote kwanza. Hivi vya kujifungia wenyewe si vigumu, ila havitaki ubishi."

Mjomba waliyemkuta kwenye ngazi alicheka mpaka akashika chuma cha ngazi. "Mita nne? Shemeji, unanunua kaptula na suruali ipo? Stoo ya kamati nina viyoyozi vilevile, nguvu ileile, kampuni ileile. Bomba mita saba na nusu! Nimeviagiza kwa ajili ya watu wa jengo hili."

"Lakini kwangu ni mita tatu tu," Baba alisema.

"Wewe ni fundi cherehani au si wewe? Kitambaa kikizidi unafanyaje?"

"Nakata."

"Kikipungua?"

Baba alijikuna kisogo. "Napata aibu."

"Haya. Umejijibu mwenyewe."

Aliyesimama mbele ya Baba alikuwa kaka wa mke wake, na tena mwenyekiti. Mtu akiwa na vyeo viwili hivyo kwenye ngazi moja, unampinga kwa lipi? Aliweka sharti moja tu. "Karani asome kijitabu kwanza. Akiniambia sawa, nitachukua chako."

Kijitabu kilikuwa na kurasa thelathini na sita, na herufi zake kama zimeandikwa na mtu anayebania wino. Ilikuwa Ijumaa. Saa kumi timu ya shule ilikuwa na mechi ya netiboli, na Karani ndiye mfungaji. Mjomba alimkuta ameketi ngazini na kijitabu magotini, anatazama saa ya ukutani kupitia mlango ulio wazi.

"Usijiue na hayo makaratasi," alimwambia. "Nusu yake ni ya kujazia kurasa tu. Tazama picha, mwambie baba yako umesoma. Mimi nipo, kitaharibika nini?" Akacheka kile kicheko cha puani.

Karani alizitazama picha kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Akaenda uwanjani, wakashinda, akarudi akiimba njia nzima.

"Umekisoma?" Baba aliuliza bila kuinua uso kwenye sindano.

"Ndiyo, Baba."

"Chote?"

Hapo angeweza kusimama. Neno lilikuwa bado mdomoni, halijatoka.

"Chote."

Jumamosi asubuhi Baba alinunua kiyoyozi cha stoo kwa Mjomba, na kazi ikaanza. Fundi umeme wa mtaani alikuwa ameshavuta waya wa peke yake kwa ajili ya kiyoyozi. Baba alitoboa ukuta kwa drili, tundu limeinama kidogo kwa nje ili maji yasirudi ndani. Alining'iniza kifaa cha ndani juu ya kitanda cha Bibi, kimenyooka kama mstari wa chaki. Cha nje alikikalisha kwenye vyuma vya kukibebea, kwenye baraza. Alilipitisha bomba, akakaza viungio kwa spana kama picha zinavyoonyesha. Majirani walikuja kutazama. Mjomba naye alikuwepo, mikono kifuani, akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

Ilipofika saa sita kazi ilikuwa karibu kwisha, isipokuwa jambo moja. Mita nne za bomba zilikuwa zimezidi, zimejikunja barazani kama nyoka aliyeshiba. Baba alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, kama anavyolitazama koti likiwa mwilini mwa mteja.

"Hapana," alisema. "Hii ni nguo yenye pindo linaloburura. Siwezi kuitoa kazi hivi. Karani! Kijitabu kinasemaje kuhusu bomba lililozidi?"

Kijitabu kilikuwa pale dirishani. Karani angeweza kukichukua na kutafuta, lakini watu wote wangeona kwamba hajui hata aanzie wapi. Alimtazama Mjomba. Mjomba aliinua mkono kidogo, akafanya vidole viwili kama mkasi.

"Kinasema... kata tu, Baba."

Baba alichukua msumeno wa chuma. Hakufika mara ya tatu kuuvuta. Bomba lilipiga mluzi mkali, moshi mweupe ukaruka, na meno ya msumeno yakashika barafu palepale. Watu walirudi nyuma wakikanyagana.

"Nani kafungua soda kubwa hivyo?" Bibi aliuliza kutoka kitandani.

Majirani walicheka. Kisha mluzi ukafifia, ukafa, na kicheko nacho kikafa. Baba aliwasha swichi. Kifaa cha ndani kikafungua mdomo wake mpana na kupuliza hewa ileile ya moto iliyokuwamo chumbani.

"Lo, shemeji!" Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. "Umefanya nini? Nani kakwambia ukate bomba lenye gesi?"

Baba alimgeukia taratibu. "Si ulikuwa hapa hapa?"

"Mimi nilikuwa napita. Mimi si fundi. Kijitabu kasoma nani? Si Karani wako? Watoto wa siku hizi unawapa kazi ya macho, wanakufanyia kazi ya mdomo."

Macho yote ya barazani yakamwangukia msichana. "Lakini Mjomba, si wewe uliyenionyesha..." Akainua vidole viwili.

"Nilikuwa najikuna," Mjomba alisema, akashuka ngazi.

Chini alikutana na mtu, wakasemezana, akacheka. Karani alikisikia kicheko hicho kikipanda ghorofa zote tatu, kicheko cha mama yake kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kisingefanana.

Majirani walipoondoka, Baba hakupiga wala hakufoka. Aliizungusha futi yake kidoleni mpaka ikawa duara dogo. "Ulisoma?"

"Hapana, Baba. Nilitazama picha."

"Basi leo nimekuwa kipofu mara mbili," Baba alisema. Akaenda kuketi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Kwenye kitanda, Bibi alisema polepole, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "Nitafutieni lile begi langu. Binti yangu asije akanikuta sijajiandaa."

Karani hakulitafuta begi. Jumapili asubuhi alichukua kijitabu, akaketi kwenye kigoda, akaanza kukisoma kwa sauti tangu jalada. Baba hakumwambia aanze wala anyamaze. Katika ukurasa wa pili palikuwa na maneno haya: "Pima kwanza umbali, kisha uchague bomba linalokaribiana nao." Karani aliuwekea kidole mstari huo, akaendelea. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na kisanduku cheusi: "Bomba limejazwa gesi kiwandani. Usilikate kamwe. Likizidi, lizungushe kwa duara pana na ulifunge vizuri."

"Soma tena," Baba alisema.

Alisoma tena. Akaambiwa tena. Mara ya tatu sauti ilimkatika, machozi yakadondokea kwenye kisanduku cheusi.

Jumatatu dada wa dukani aliwapa namba ya fundi wa viyoyozi, mwanamke mmoja mnene wa mikono, mwembamba wa maneno, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Yeye na Baba walielewana fundi kwa fundi: yeye atatengeneza, Baba atawashonea wanafunzi wake ovaroli nne. Alipanda ngazi akihema, akalishika bomba lililokatwa, akaguna.

"Hiki nacho? Hiki ni cha tatu jengo hili."

"Cha tatu?" Baba aliuliza.

"Kuna cha mwalimu, ghorofa ya kwanza. Kuna cha dereva, ghorofa ya pili. Yule alikata kwa koleo, karibu limtoe jicho. Nilimwambia mwenyekiti wenu tangu mwezi uliopita: vyumba vyenu ni vidogo, bomba hizi ni ndefu, watu watakata. Bandika tangazo. Akaniambia atabandika siku ileile."

Karani alikuwa amemshikia sanduku la vifaa. Likawa zito ghafla. "Matangazo naandika mimi," alisema. "Hajaniambia niandike."

"Angebandika, nani angechukua vilivyobaki stooni?" Mama Spana alijibu, akifungua mfuko wake. "Siku naongea naye vilikuwa sita. Toa chenu, vimebaki vitano."

Baba hakusema kitu ila "alijua." Alilisema neno hilo mara nyingi siku hiyo, akipiga pasi, akikunja nguo za watu. Alijua. Karani naye aliyarudia kichwani mambo yote tangu mwanzo: kaptula na suruali, kile kijitabu ngazini, vidole viwili. Wakati vidole vile vinafanya mkasi, Mjomba alikuwa ameshaona mabomba mawili yakifa. Na bado alimtazama mtoto wa dada yake machoni. Ndivyo wenye vyeo wengine walivyo. Wakipata sifa wanasimama mbele, na likiharibika jambo, walikuwa wanapita tu.

Mama Spana alifunga bomba jipya la mita nne, akanyonya hewa yote iliyomo kwa pampu yake, akajaza gesi akiipima kwenye mizani. Kisha akambonyezea Bibi rimoti. Mdomo wa kile kifaa ukafunguka, na baada ya muda mfupi pazia likaanza kucheza.

"Weka ishirini na tano, uache hapo," alimwagiza Karani. "Usishuke kumi na sita ukadhani unagandisha nyama. Kifua cha mgonjwa hakitaki kushtuliwa."

Siku ileile Karani alichukua karatasi kubwa na kalamu nene, akaandika kwa mwandiko wake bora kuliko siku zote:

TANGAZO. VIYOYOZI VYA STOO VINA BOMBA REFU KULIKO VYUMBA VYETU. BOMBA LINA GESI. USIKATE. SOMA UKURASA WA KUMI NA TISA. MIMI NILIYEANDIKA NILISEMA NIMESOMA, NAMI SIKUSOMA. TUKAHARIBU CHETU.

Alikuwa anachomeka pini ya mwisho Mjomba alipotokea.

"Nani kakutuma?"

"Shikamoo, Mjomba. Sijatumwa."

"Tangazo lisilo na sahihi ya mwenyekiti si tangazo. Libandue."

"Ndiyo maana nimeacha nafasi ya sahihi yako, Mjomba. Hapa chini." Akamnyooshea kalamu. Hakuushusha mkono.

Mwalimu wa ghorofa ya kwanza alikuwa amesimama mlangoni kwake, anasoma. Dereva naye alishuka, akasoma mpaka mwisho, akarudia mstari wa tatu. "Kumbe lina gesi," alisema. "Na mimi nikaambiwa nimekata vibaya. Mwenyekiti, tia sahihi basi. Tutasubiri, hatuna haraka."

Mjomba alijaribu kucheka. Kicheko kilianzia puani, kikaishia hapohapo, hakuna aliyekipokea. Akatia sahihi. Kweli, mwandiko wake ulikuwa wa kuku.

Hakuomba radhi, siku hiyo wala baadaye. Ni mwenyekiti mpaka leo. Lakini matangazo yake anajiandikia mwenyewe, na watu wa jengo, kabla ya kuamini, wanamwuliza imeandikwa wapi.

Mwisho wa mwezi Shangazi aliwasili na begi tupu la kutilia nguo za Bibi. Nje jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalia. Alifungua mlango wa chumba kwa nguvu, tayari kugomba, akasimama katikati mdomo wazi.

"Funga mlango, mwanangu," Bibi alisema kwa pumzi moja ndefu, bila kukatika. "Unanimalizia hewa yangu."

Shangazi alifunga mlango. Alitazama kifaa, akatazama pazia, akaketi kitandani na kuvua viatu. Begi lilirudi tupu kama lilivyokuja.

Jioni ile Baba alimwita Karani kwenye kigoda. Juu ya cherehani, karibu na mkasi mkubwa, alikuwa ametundika kipande cha bomba kilichokatwa.

"Mjomba wako alinidanganya, na sitasahau," alisema. "Lakini yeye hakuwa macho yangu. Macho yangu yalikuwa wewe. Ndiyo maana lako liliniuma zaidi. Utakuwa mtu mzima, na kila mahali utamkuta mtu mwenye cheo anakuambia sema ndiyo, mimi nipo. Siku ya kulipuka hayupo. Kama hujasoma, sema sijasoma. Kama hujui, sema sijui. Neno moja tu hilo lingetuokolea bomba zima, na usingelia."

"Nisamehe, Baba."

"Nimeshakusamehe. Na mimi nina langu. Nilikata bila kusema nionyeshe." Akatoa karatasi ya dawa mpya ya Bibi, akailaza juu ya meza, na kuweka chaki yake ya kushonea mkononi mwa binti yake. "Soma. Na kila unaposoma, weka alama nione ulipo. Kesho na keshokutwa nitakuwa nayajua hayo maneno mwenyewe."

Karani aliweka alama ya kwanza, ndogo, nyeupe, chini ya neno la kwanza. Baba akainama, akalitazama, na midomo yake ikaanza kuhangaika na herufi.

Chumbani, Bibi alikuwa amelala chali, akipumua bila kukatika.